Sakafu ya Iketsetse

Mlango wa chumba cha mikate ulianza kukwama mwezi wa nne. Keneuwe Tsilo aliusukuma kwa bega, akadhani ni mbao tu zimevimba kwa mvua. Lakini mvua zilikwisha, upepo mkavu wa baridi ukaanza kuvuma kutoka upande wa migodi, na mlango ukazidi kukwama. Fundi akauranda chini. Baada ya juma moja ukakwama tena, safari hii kwenye kona ya juu.

Jengo lile zamani lilikuwa ukumbi wa wachimba dhahabu. Mgodi ulipofungwa, mwalimu mstaafu aliyeitwa Molupe Seekoei aliliomba, akalisafisha kwa mikono yake na kulipa jina la Iketsetse, yaani, kwa Kisotho, jifanyieni wenyewe. Kanuni yake ilikuwa fupi. Familia isiyo na kitu ililishwa miezi mitatu, na katika miezi hiyo mmoja wao alijifunza kazi: kushona, kufuga kuku au kuoka mikate. Mwezi wa nne hakuna aliyekulisha.

Keneuwe alifika pale miaka sita nyuma, mumewe akiwa amezikwa na vumbi la mgodi kifuani, na mabinti wawili nyumbani wakinywa uji wa maji matupu. Alichagua mikate kwa sababu chumba kile kilikuwa na joto. Hakujua kuchanganya hamira. Mkate wake wa kwanza, wenzake walisema, ungefaa kujengea. Sasa yeye ndiye aliyewafundisha wengine, na mikate ya Iketsetse ililiwa katika shule zote za mtaa. Wanawake walimwita Mme Keneuwe, wakamheshimu kama mama yao mkubwa.

Baada ya mlango, likaja toroli la unga. Ukiliacha katikati ya chumba, ukigeuka unakuta limejiendea lenyewe hadi ukuta wa upande wa washonaji. Wanawake wakalicheka, wakasema limepata mchumba huko. Keneuwe naye alicheka, ila kicheko chake hakikufika mbali. Siku gunia la unga lilipowaponyoka mikononi likaanguka, sakafu ililia kama ngoma. Sakafu ya saruji iliyokaa juu ya udongo hailii hivyo.

Keneuwe alipokuwa na miaka saba, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi mwingine, nyumba ya jirani yao ilizama wakati watu wanakunywa chai ya asubuhi. Watu watano, mbwa na mti wa mpichi walikwenda pamoja. Mama yake alisema baadaye kwamba jirani yule alikuwa amelalamikia milango mwezi mzima.

Akaenda kwa mwalimu Seekoei. Hakumficha kitu: alimweleza mlango, toroli, mlio wa sakafu, na ufa uliopanda ukutani ambao wiki iliyopita uliingia ukucha na sasa unaingia kidole.

"Nyumba gani hapa haina ufa, Mme?" mwalimu alisema kwa upole. "Hata kaka yangu ana ufa kichwani, na bado anakula vizuri."

"Ntate, mimi sitanii," alisema Keneuwe, akimwita baba kwa heshima.

Mwalimu alimtazama, akaacha kutabasamu. Aliandika barua kwa halmashauri siku ileile, akaipeleka mwenyewe. Walimwambia mtaalamu atakuja. Hakuja. Akaandika ya pili. Kufunga hakutaka: kulikuwa na familia ishirini na tatu ndani ya miezi yao mitatu, na alijua wakitawanyika, wengi hawatarudi tena.

Siku moja oveni zikiwa zimezimwa na mabomba yote yamefungwa, Keneuwe alisikia maji. Alipiga magoti, akaweka sikio sakafuni. Yalikuwa chini, yakitiririka polepole, kama mtu anayemimina bila kuchoka. Bomba la zamani lilikuwa limepasuka mahali fulani. Alizunguka jengo lote akitafuta yanakotokea. Nje palikuwa pakavu kabisa. Maji yaliingia ardhini na hayakutoka popote. Na mawe ya chini ya mji ule, kila mtoto wa mchimbaji alijua, ni ya aina inayoyeyuka kwa maji.

Siku hiyo aliwaambia wanawake wake wahamie ng'ambo ya barabara, kwenye uwanja wa wazi. Wangeoka kwenye vyungu vya chuma vya miguu mitatu, kama bibi zao. Washonaji nao aliwasihi watoke. Puseletso, kiongozi wao, mwanamke mwenye ulimi mkali aliyekuwa na sare za shule za kumaliza, alimjibu bila kuacha kukanyaga cherehani.

"Wewe umeshashiba, Mme. Aliyeshiba ndiye mwenye nafasi ya kuogopa sakafu."

Neno lile lilimchoma Keneuwe, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Alibeba magunia yake akatoka.

Siku tisa walioka nje. Moshi uliwatoa machozi na baridi ikawapasua mikono. Wapita njia walimwita Mama Vyungu. Siku ya tano wanawake wanne walirudi ndani kimyakimya, akawaona na hakuwazuia. Alianza kujiuliza kama si uoga wa mtoto wa miaka saba uliokuwa ukimwongoza mtu mzima.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, alivuka barabara kuchukua hamira. Chumba kilikuwa na joto na harufu nzuri, na mmoja wa wale wanne alikuwa akiimba. Keneuwe alisimama mlangoni. Kitu kilikuwa kimebadilika, na ilimchukua muda kukijua: maji yalikuwa yamenyamaza. Akainama, akaweka sikio. Kimya. Huko chini mawe yalikuwa yamekwisha, na maji sasa yaliangukia shimoni, mbali kusikofika sikio. Halafu vumbi jembamba likamwagika kutoka darini, mstari mmoja ulionyooka, juu ya meza.

Kulikuwa na kipande cha reli kilichoning'inizwa uani, kilichogongwa wakati wa chai. Alikigonga kwa nguvu zake zote. Watu walitoka wakinung'unika kwamba chai imewahi. Puseletso alitoka wa mwisho, pini zikiwa mdomoni. Keneuwe aliwasukuma hadi ng'ambo ya barabara, wengine akiwavuta kwa nguo, kisha akawahesabu kwa kidole. Mwalimu Seekoei alikuja mbio kutoka ofisini kwake, shali shingoni.

"Wote wako hapa?"

"Amepungua mmoja," alisema Keneuwe. "Mme Disebo simwoni."

Disebo alikuwa bibi wa kuku, kiziwi wa sikio moja. Mwalimu hakuuliza zaidi. Alikuwa na miaka sitini na nane, na alivuka barabara ile kama kijana. Walimsikia ndani akiita jina la bibi, chumba hadi chumba.

Hapakuwa na kishindo kikubwa. Ukuta wa katikati uliinama, kama mtu anayechungulia kisima, kisha paa likafuata, na mahali pa jengo pakabaki shimo na wingu la vumbi jekundu. Sauti ya kuita ilikatika katikati ya jina.

Vumbi lilipotulia, Mme Disebo alitokea nyuma ya ukuta wa ua, kibakuli cha mahindi mkononi, akiuliza kwa nini watu wanalia. Alikuwa ameketi huko na kuku wake tangu asubuhi.

Mwili wa mwalimu haukupatikana. Mtaalamu wa halmashauri alifika kesho yake na mashine ya kutoboa. Puseletso alikaa karibu na Keneuwe siku tatu za maombolezo, na siku ya nne akamwambia, "Ungehesabu vibaya ungemwokoa mwalimu." Kisha akamshika mkono, na hakuuachia hadi walipofika nyumbani. Keneuwe hakuwahi kumkasirikia kwa neno lile. Alikuwa ameshajiambia hivyo mwenyewe mara nyingi.

Kanisa la mtaa liliwapa ua wake wafanyie kazi. Familia kumi na tisa kati ya ishirini na tatu zilibaki, wakashona kwa mkono, wakaoka kwa vyungu, na wanawake wakamtaka Keneuwe ashike nafasi ya mwalimu. Alikubali kwa sharti moja, kwamba kanuni ya miezi mitatu ibaki ilivyokuwa.

Mwezi wa nane watu wa halmashauri walipita mitaani na rangi nyekundu. Nyumba yenye alama ilikuwa juu ya mwamba mbovu. Mtaa wa Keneuwe ulipata alama kumi na moja, na moja ilikuwa ukutani kwake. Alimuuliza mtaalamu wahamie wapi. Alisema orodha inaandaliwa. Akamuuliza kuhusu ua wa kanisa. Alisema mashine itarudi baada ya miezi miwili kuupima.

"Na mpaka hapo tufanye nini?"

Mtaalamu alitazama viatu vyake. "Msimwage maji, Mme," alisema. "Na mtembee polepole."

Asubuhi iliyofuata Keneuwe aliwaeleza wanawake wote maneno yale kama alivyoyasikia, hakupunguza. Hakuna aliyeondoka. Walitandika magunia juu ya ardhi ya kanisa, wakavua viatu, wakaanza kukanda unga.