Nusu Pointi

Friza iliyokuwa gerejini kwenye nyumba ile ya mjini Eagan ilijaa bata. Hawakuwa wamenyonyolewa wala kupasuliwa. Walilala na manyoya yao, shingo zimepinda, macho wazi, kila mmoja ndani ya mfuko wa mkate. Ilikuwa siku yangu ya kwanza ya kumtunza mzee mwenye nyumba, na nilikuwa natafuta barafu ya kumwekea gotini. Nilirudisha kifuniko, nikaenda kwenye sinki na kunawa hadi viwikoni, ingawa sikuwa nimegusa kitu.

"Hao si wa kula," mzee alisema kutoka kwenye kiti chake, akicheka. "Ni wa kazi."

Kazi yenyewe ni hii. Kuna watu huku Minnesota ambao wikendi zao zote hupeleka mbwa mashambani kushindana kuokota ndege. Bata anarushwa mbali, bunduki inalia, mbwa anakaa kimya akiangalia mahali alipoanguka, kisha anatumwa kumleta. Asipomwona, mwenyewe anamwongoza kwa filimbi na kwa mkono. Waamuzi wamekaa kwenye viti vya kukunja wakiandika, na sura zao ni za watu wanaohukumu kesi ya mauaji. Bata yule yule anarushwa tena na tena mpaka analegea kama soksi, amelowa mate ya mbwa wa kila mtu, na mwisho wa siku hakuna anayemla. Kwetu ndege aliyekufa bila kuchinjwa ni mzoga. Hawa wanaugandisha na kuufunga vizuri kwenye mfuko wa mkate.

Mshindi wa kwanza hupata pointi tano, wa pili tatu, wa tatu moja, na wa nne nusu. Pointi hujumlishwa maisha yote ya mbwa. Mzee alikuwa na mbwa jike mweusi ambaye tepe zake za ushindi ukutani zilikuwa nyingi kuliko picha za wajukuu, na mbwa huyo alikuwa amelingana kwa pointi, sawa kwa sawa, na mbwa mwingine aliyekufa zamani na ambaye bado alishikilia rekodi ya chama chao. Nusu pointi tu, nafasi ya nne tu, na rekodi ingekuwa yake. Lakini mbwa alikuwa amezeeka na nyonga zake zilikuwa zimeanza kukakamaa. Mzee naye alikuwa na saratani iliyoingia kwenye mifupa ya mgongo, na madaktari walikuwa wameacha kuzungumzia mwaka ujao. Alikuwa akiingoja nusu ile kama watu wengine wanavyongoja mtoto arudi kutoka vitani.

Mimi mbwa nimewajua wakiwa nje. Mbwa analinda, anapewa mabaki, analala chini ya ghala. Huyu alilala kitandani, kichwa juu ya mto. Asubuhi alimlamba mzee mdomoni, mzee akafumba macho kwa raha, kisha na mdomo uleule akaniomba uji wake wa shayiri. Nilimpa huku nimebana pumzi.

Mwenzangu wa zamu, mama kutoka Kongo ya mashariki, hakubana chochote. Tulipokuwa tukipokezana mlangoni alinishika mkono.

"Dada, miye nashindwa. Hii imbwa iko nalamba muzee ku kinywa! Ku kinywa, dada! Vraiment, hawa bantu hawaogope magonjwa?"

"Na jana ameniambia ni-defrost bata wawili," nikamwambia. "Kwa microwave ile mimi hu-warm chakula yangu."

"Na ulifanya?"

"Nilimwambia imeharibika."

Alicheka mpaka akaegemea gari. Tangu siku hiyo sisi wawili tulikula chakula chetu kikiwa baridi.

Sasa kuhusu vidonge. Mzee alipaswa kumeza kidonge cha maumivu asubuhi na jioni, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kimepita kooni. Nilifundishwa darasani: mwambie afungue kinywa, ainue ulimi, angalia. Lakini mimi sikulelewa hivyo. Mtu wa umri wa baba yangu akila au akimeza dawa, ninageuza uso. Kumkodolea mzee macho kinywani ni kumfanya mtoto. Kwa hiyo nilimpa kidonge na glasi ya maji, nikageukia upande wa televisheni mpaka aseme tayari. Mwenzangu naye alifanya vilevile, hatukuwa tumeambizana. Mzee aliipenda sana adabu hiyo. Alijifunza hata neno "mzee" na akataka nimwite hivyo mbele ya binti yake.

Hata hivyo, maumivu yake yalizidi. Nilipomvalisha shati alilia huku ameuma meno. Nilimpigia simu muuguzi anayetusimamia, akashangaa, akasema dozi ile inatosha mtu mkubwa kuliko yeye. Mbwa, kwa upande wake, alikuwa amepata ujana. Alipanda ngazi bila kusita, na binti, ambaye ndiye aliyekuwa akimwongoza mbwa mashindanoni tangu baba yake ashindwe kutembea, akasema mazoezi ya kuogelea yamemsaidia.

Asubuhi moja televisheni ilikuwa imezimwa. Niliigeukia kama kawaida, na kwenye kioo kile cheusi nikamwona mzee nyuma yangu akiingiza kidole shavuni, akatoa kidonge, akakipaka siagi ya karanga pamoja na mate yake, akakishusha chini ya kiti. Mbwa alikichukua kwa ncha ya midomo, taratibu, kama alivyofundishwa kuchukua ndege.

"Tayari," mzee akasema.

Sijui ni mate yaliyonichefua zaidi au ni ule utulivu wa sauti yake. Alikuwa ameisoma heshima yangu, akaona mahali ilipo na tundu, akapitia hapo kila siku.

"Mzee, nimekuona."

Hakukana. "Jumapili ni mashindano ya mwisho ya msimu," alisema. "Nusu pointi tu. Jumatatu nitameza vyote mbele yako. Nakuomba."

Nilimpigia binti yake simu nikiwa gereji, karibu na wale bata. Nikamweleza. Hakuuliza ni vidonge gani wala tangu lini, na hapo nikajua kwamba alikuwa anajua.

"Ni uamuzi wake," akasema. "Na ni mpaka Jumapili tu."

Ptu! Nilitema mate kwenye sakafu ya gereji, jambo ambalo sijawahi kufanya ndani ya nyumba ya mtu. Baba analia huku ameuma meno akivalishwa shati, binti anasubiri utepe. Nilimwambia muuguzi kila kitu. Kuanzia jioni ile kidonge kilipondwa, kikachanganywa na tofaa la kusaga, na mimi nilisimama mbele ya mzee mpaka kijiko kikawa kitupu. Alimeza bila kunitazama. Siku zilizofuata hakunisemesha zaidi ya lazima, na mbwa alianza tena kusimama chini ya ngazi akiziangalia.

Jumapili wenzangu walikuwa kanisani, mimi nilikuwa shambani kusini mwa mji wa Shakopee, viatu vimezama topeni, nikisukuma kiti cha magurudumu kati ya mapickup yenye vibanda vya mbwa. Harufu ya manyoya mabichi, kahawa na damu ya ndege ilikuwa imeshika hewa yote. Mtu mmoja alipita akiwa amebeba bata kwa shingo, wanne katika mkono mmoja, huku akila sandwichi kwa mkono wa pili. Nilitazama mawingu.

Mchana waamuzi walitangaza mbwa waliobaki kwa raundi ya mwisho, ya majini. Walibaki wanne tu, na mbwa wa mzee alikuwa mmoja wao. Hata mimi niliweza hesabu hiyo. Akimleta bata, hata kwa njia mbaya, nusu pointi ni yake. Sharti ni moja: amkabidhi mwongozaji mkononi, kwenye mstari. Mwongozaji akivuka mstari, au mtu yeyote wa upande wake akimgusa mbwa, mbwa ametoka.

Bata akaanguka ng'ambo ya bwawa. Binti akasema jina la mbwa, mbwa akaruka. Aliogelea kichwa juu, akampata, akageuka. Watu wakaanza kunong'ona. Kisha akafika ukingoni, akatoka majini hatua chache, na miguu ya nyuma ikakataa. Akaketi, akalala, bata mdomoni.

Binti akapiga filimbi. Mbwa akainuka kwa miguu ya mbele, akaburuta nyonga kwenye tope, akaanguka. Filimbi tena. Akaburuta tena. Hakumwachia bata, wala hakumbana. Hakuna hata unyoya mmoja wa bata uliovunjika. Waamuzi walikaa wakingoja, kalamu mkononi, na watu wote wale wapenda mbwa walisimama na vikombe vyao wakitazama. Bata wote wa friza ile hawakunitia kinyaa kama zile nyuso.

"Mpigie filimbi!" mzee alimfokea binti yake. "Anakuja! Anakuja!" Alikuwa amejiinua kitini kwa mikono yake miwili, jambo ambalo hakuwa ameliweza kwa wiki nyingi. Kisha akaona kwamba ameinuka. Akaitazama mikono yake. Akakaa taratibu.

"Leo siumwi," alisema, akiniambia mimi, kama mtu aliyekutwa na kitu cha mtu mwingine mfukoni. "Hata kidogo."

Filimbi ikalia tena.

"Nipeleke pale," akasema.

"Ukivuka mstari ametoka, mzee."

"Najua mstari. Mimi ndiye niliyekueleza."

Nikamsukuma. Tulivuka mbele ya waamuzi, mmoja akafunika karatasi yake. Magurudumu yalikwama, nikayainua kwa nguvu za hasira. Mzee aliinama, akasema neno dogo, na mbwa akamwachia bata mkononi mwake. Akamweka bata mapajani, akafuta tope kwenye uso wa mbwa kwa mkono wa koti. Binti alibaki kwenye mstari na filimbi yake mdomoni, haipigi.

Mbwa nilimbeba mimi. Hakukuwa na mwingine aliyekuja. Alikuwa mzito, amelowa, ananuka bwawa na mzoga, na njiani alinilamba kidevu hadi kwenye mdomo. Nilifumba midomo nikaendelea kutembea.

Jioni nyumbani nilitoa kidonge na chupa ya tofaa la kusaga. Mzee akatikisa kichwa, akanyoosha kiganja. Nikampa kizima, pamoja na maji, na kwa mazoea shingo yangu ikaanza kugeuka.

"Hapana," akasema. "Angalia."

Akafungua kinywa mpaka mwisho, akainua ulimi. Fizi zilikuwa nyeupe, meno ya njano, kwenye shavu kulikuwa na kidonda pale alipokuwa akificha vidonge. Harufu ilinipiga usoni. Nikasogea karibu, nikaangalia.

Kinywa kilikuwa kitupu.