Zumari Ikinyamaza, Fimbo Chini

Shekhan huuza misumari, rangi na bawaba mtaa wa Langoni, na kati ya mteja mmoja na mwengine hutunga muziki wa watu kupigwa mateke. Kazi ya kwanza ndiyo inayomlisha. Ya pili ndiyo inayomfanya ampe bawaba mtu aliyeomba kitasa.

Mateke hayo ni ya filamu, nazo hutengenezwa na Ndirangu, mwalimu wa fizikia aliyeletwa Lamu na serikali, akabaki kwa hiari yake. Ni filamu za mapigano ya kuchekesha: mtu anaruka ukuta, anaukosa, anaangukia tenga la samaki. Kwingine watu hupigana kwanza, muziki ukafuata. Hapa imekuwa kinyume, kwa sababu wapiganaji wa Ndirangu karibu wote wamekulia katika kirumbizi, ule mchezo wa fimbo wa arusini, na mchezaji wa kirumbizi bila zumari ni mtu aliyeshika kijiti tu. Basi Shekhan hutunga kwanza, halafu husimama kando ya kamera akapuliza, nao wakapigana.

Kila mpiganaji ana mdundo wake. Usama, fundi wa plasta ambaye ndiye shujaa, alipewa zumari ya madaha. Hesbon, mtu wa bara anayesoma mita za maji, alipewa uadui, kwa kuwa mji ulikuwa umeshazoea kumnunia. Ngoma yake huchechemea: dum, dum, halafu du moja iliyochelewa.

Siku moja Bwana Abubakr, mwenyekiti wa kundi la kirumbizi, alifika dukani. Huyu hupokea mambo mapya kama watu wapokeavyo bili ya maji.

"Nasikia zumari ya marehemu babako imeingia sinema."

"Imeingia, Bwana Abubakr."

"Haya. Watu wakiicheka, arusi ya Israa atapuliza mtu wa Matondoni."

Israa ni bintiye Shekhan, na tangu yumo susuni akibembezwa babake alikuwa akiisubiri siku ya kumpulizia. Watu wa Matondoni, kijiji jirani, hawana ubaya wowote. Ila hakuna baba wa Lamu mjini aliyewahi kuota bintiye akiozwa kwa pumzi zao.

Wiki ile ndipo ilipopigwa picha ya pambano la mwisho, ambapo Usama alitakiwa kumwangusha Hesbon. "Kabla ya pigo, nyamaza," Ndirangu alimwambia Shekhan. "Watu washike pumzi." Shekhan aliona ni kweli, na kilichomuudhi ni kwamba neno hilo limesemwa na mtu wa fizikia. Akapuliza, akanyamaza. Usama akashusha fimbo, akaweka mkono kifuani, akainama.

"Kata! Usama, mbona unamwinamia adui?"

"Zumari imenyamaa, mwalimu."

"Najua. Mimi ndiye niliyesema inyamaze."

"Basi mbona wauliza?"

Katika kundi lao hiyo ndiyo sheria: zumari ikinyamaza, fimbo chini. Wakarudia, Usama akainama tena, kwa adabu zaidi. Waliporudia mara nyengine, Hesbon, ambaye hakuna aliyemfunza sheria yoyote, alichoka kusimama juani, akamtandika la bega.

Usama hakulia. Alimtazama kama mtu anayemwona mgeni akiingia msikitini na viatu.

"Si tunapigana?" Hesbon akauliza.

"Hiyo ndiyo tutakayoiweka," akasema Ndirangu.

Shekhan alirudi nyumbani na picha hiyo na hofu yake kwamba zumari itachekwa. Alijaribu kukijaza kile kimya: akatia kinanda, akatia vigoma, akatia hata mlio wa punda. Akamwonyesha mkewe, Sumeiya, aliyekuwa akikuna nazi.

"Yachekesha?"

"Yachekesha," alisema Sumeiya, kwa sauti ya mtu anayesifu chai ya hospitali.

Akamwonyesha tena, safari hii kimya kikiwa kitupu. Kifuu kilimtoka Sumeiya mkononi. "Masikini Usama! Na zumari imenyamaa!" Alicheka hata akapinduka, yeye na mbuzi yake ya nazi.

Shekhan akajua la kufanya, na hakulipenda. Akakiacha kimya kama kilivyo.

Filamu ilionyeshwa baada ya alasiri, katika ukumbi uliozibwa madirisha kwa mikeka. Bwana Abubakr alikaa mbele, mkongojo katikati ya magoti. Katika picha iliyomulikwa ukutani, zumari ikanyamaza. Usama akainama. Hesbon akatandika.

Bwana Abubakr aliruka kama kijana, akauelekeza mkongojo ukutani. "Weye! Zumari imenyamaa, weye!"

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Hesbon, aliyekuwa safu ya pili, alisimama akaomba radhi kwa wote, ndipo hata waliokuwa wamebakisha pumzi wakazimaliza.

Mlangoni Bwana Abubakr alimshika Shekhan mkono. "Waliocheka, wamecheka zumari?"

"Mwenyewe umeona, Bwana Abubakr."

"Wamemcheka asiyeijua." Akafikiri. "Arusini utapuliza weye. Na yule wa maji aye, afunzwe ndia."

Hesbon alikuja, amevaa kanzu ya kuazima iliyomfika magotini. Alipoingia uwanjani na fimbo, wapiga ngoma, bila kuambiwa na mtu, walimchapia mdundo wake unaochechemea. Shekhan akaufuata kwa zumari, mashavu yamemjaa upepo na kicheko. Hesbon alicheza vizuri mno, kisha, wimbo ukiwa katikati bado, akaweka fimbo chini ili awe na hakika.

Mkongojo wa Bwana Abubakr ulikuwa ukigonga ardhi: dum, dum, halafu du moja iliyochelewa.