Kanga ya Mama Shingoni mwa Rashidi

Mabibo yakianza kuoza chini ya mikorosho, harufu yake tamu yenye uchachu hunirudisha utotoni. Wenzangu wa Mikindani wakiinusa hufurahi kwamba msimu wa korosho umefika. Mimi humwona mdogo wangu Rashidi, mtoto wa miaka saba, kakaa mchangani anautazama mkono wake wa kushoto kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Mimi ndiye niliyempandisha. Mama alikwisha kutukataza, "Tawi la mkorosho halina urafiki," lakini nililitaka bibo jekundu la juu kabisa, na gauni langu lilikuwa jipya. Tawi likakatika.

Nilikuwa na miaka kumi na moja na kichwa kikubwa, maana wiki ile mwalimu alitufundisha huduma ya kwanza akanisifu mbele ya darasa. Basi nikaanua kanga ya mama kambani, nikaikunja pembetatu, nikaulaza mkono wa Rashidi ndani yake, nikafunga fundo pembeni mwa shingo. Kiganja juu kidogo ya kiwiko, kama tulivyofundishwa. Kisha nikamwambia, "Mama akiuliza, tunacheza hospitali."

Mama aliporudi sokoni alicheka hadi akatua kikapu. "Haya daktari, mgonjwa wako atapona?" Rashidi naye akacheka. Ungekuwa mkono wa kulia, mama angegundua palepale kwenye sinia ya wali. Alipenda kutuambia kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Rashidi hakulia.

Siku ya pili alininong'oneza, "Dada, mchezo unaisha lini?"

"Kesho."

Niliogopa fimbo, ndugu zangu. Sina sababu nyingine ya kuwapa.

Siku ya nne homa ilimwangusha. Mama akaifungua kanga yake mwenyewe, akaona uvimbe, akapiga ukelele. Hospitali walifanya walichoweza, lakini mkono ulipona umepinda. Alipoulizwa, Rashidi alisema alipanda mwenyewe, nami nikanyamaza. Hadi leo akisali, mkono wa kulia hufika sikioni, wa kushoto huishia begani.

Utotoni nilidhani Rashidi ni hodari wa kuigiza. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba siku zote zile nne mimi ndiye niliyekuwa nacheza. Yeye alikuwa ananisubiri niseme.

Mwezi uliopita nilimtembelea. Binti yake wa miaka sita alikuwa amemfunga kanga mkono uleule, wakicheza barazani.

"Baba, huu mkono ulifanyaje?"

"Nilianguka, mwanangu. Shangazi yako ndiye alikuwa daktari wangu." Alisema hivyo akitabasamu, bila kijembe chochote, na hilo ndilo lililoniuma.

Mtoto akanigeukia. "Shangazi, ulimponya?"

Nikasema naenda kuangalia chungu jikoni. Jikoni hapakuwa na moto.