Modemu Iliyoitika Mara ya Kwanza

Ukitaka kucheka, cheka ukishamaliza kusoma. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, nyumbani kwetu Ujiji, mchana kweupe, nikiwa macho kabisa. Mama yangu ni shahidi, ingawa ukimuuliza atatazama pembeni.

Ilikuwa enzi zile intaneti inapita kwenye simu ya mezani. Nilikuwa nachapa kazi za watu pale sebuleni, na kando ya kompyuta niliweka modemu, kisanduku chenye vitaa vyekundu kinachoiunganisha na simu. Unakiandikia amri kwenye kioo cheusi, nacho kinajibu OK kama askari. ATZ, kisahau yote kianze upya. ATX3, kisisubiri mlio wa laini, maana laini zetu zilikuwa na mlio wake wa ajabu. Nilikipenda, niamini. Kilinisikiliza kuliko mtu yeyote wa nyumba ile.

Siku hiyo mteja wangu wa Kasulu alitaka kunitumia kazi moja kwa moja, kompyuta kwa kompyuta. Nikaandika ATS0=1, yaani simu ikiita mara moja tu, itika.

Mama alikuwa mkekani anachambua dagaa. "Umekiambia kiitike mara ya ngapi?"

"Ya kwanza, mama."

"Wewe nawe! Bibi yako alitufundisha nini? Ukiitwa na usiyemwona, usiitike mpaka mara ya tatu. Aliye hai atarudia. Mfu huita mara moja."

"Mama, hii ni mashine."

"Basi ifundishe adabu."

Nikacheka. Sikupaswa kucheka, maana nilijua anachokiwaza. Mwaka uliotangulia mdogo wangu Zuhura alipanda boti kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kufuata vitenge. Boti ilionekana imepinduka, yeye hakuonekana. Tulisoma hitima bila kaburi, na tangu hapo kila alasiri mama alikuwa akigeuza uso ziwani, anasikiliza.

Mvua iliyokuwa ikinyesha tangu asubuhi ikakatika. Ukungu ukapanda kutoka ziwani mpaka barazani, kila kitu kikawa cheupe na kimya. Kisanduku kikaandika RING, kwamba kinaitwa. Simu yenyewe haikulia. Kitaa kikawaka, kikaitika. Unaujua ule ukelele wa modemu mbili zikisalimiana? Haukuwepo. Ulitoka mlio wa maji yakilamba kokoto, taratibu, mpaka macho yangu yakawa mazito kwa utamu.

"Hodi."

Mlangoni alisimama msichana, kitenge kimelowa, kinachuruzika. Uso wake nikiutazama naujua, nikipepesa nausahau.

"Mmeniitikia," akasema. "Mama, twende. Boti inasubiri."

Mama akainuka, dagaa wakamwagika. Tangu msiba sikuwahi kumwona akitabasamu vile. Na mimi, nisikufiche, nilifurahi mno. Nilitaka kumkumbatia. Kisha likanijia jambo moja: hakuamkia. Zuhura hakuwahi kumsemesha mama kabla ya shikamoo, hata wakiwa wamegombana.

Nikataka kuichomoa laini, lakini waya ulikuwa umepigiliwa nyuma ya kabati, sikuufikia. Na modemu ikishaunganika hukati kwa kuweka tu mkono wa simu chini. Unaandika alama tatu za kujumlisha, halafu unatulia. Ukigusa herufi yoyote haikusikii. Nikaandika, nikaondoa vidole. Mama akapiga hatua. Niliuona mkono wake ukinyooka, na ule mwingine uliolowa ukinyooka kuupokea. Nani ameumbwa kutulia namna ile?

OK, kikajibu. Nikaandika ATH. Kata.

Mlangoni pakabaki ukungu na dimbwi la maji. Mama alikuwa ameanguka kizingitini. Nilipomwinua, neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Kwa nini umemkatia mwenzio?"

Jioni ile ile nikaandika ATS0=3. Hakikumwitikia tena yule wa ukungu, maana hakuita kufika mara ya tatu. Sasa kipo uvunguni, kimejaa vumbi, na tuna simu za mkononi. Lakini ukungu ukipanda alasiri, yangu huita mara moja, namba haionekani, ikanyamaza. Vijana wa mtaa wa Rusimbi niliowasimulia wananiambia nabipiwa tu. Mama huacha anachokifanya, akanitazama. Sipokei. Naye hugeuza uso ziwani.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiitwa na usiyemwona, ngoja mara ya tatu. Usijifanye mjanja kama mimi. Ila nikuambie na lile ambalo bibi hakutufundisha: kutoitika nako kunauma. Huenda wafu hawaamkii. Huenda husahau tu. Na Zuhura alikuwa mtoto wa haya. Hata alipokuwa hai, akikuita usipoitika, hakuita tena.