Saa moja kati ya Bunia na Kinshasa

Nilipima njia ya Kinshasa kwa uzi wa kushonea wa mama. Atlasi yangu, niliyoinunua sokoni Nyakasanza ikiwa haina jalada, ndiyo ilikuwa mwalimu wangu tangu vita vilipofunga shule yetu. Niliulaza uzi juu ya ramani mara sita, maana mara tano za kwanza uzi uliteleza. Karibu kilomita elfu moja na mia nane. Kwa ndege, muda wa saa tatu hivi. Niliandika hesabu hiyo kwenye karatasi safi, nikaichana kwa sababu ya herufi moja iliyopinda, nikaandika upya.

Kisha aliyechaguliwa kusafiri akawa mdogo wangu wa kike, si mimi. Shangazi wa Kinshasa alikuwa na nafasi ya mtoto mmoja tu, na baba alisema msichana asibaki hapa na hawa watu wenye silaha barabarani. Alisema kweli. Lakini nilimwonea wivu. Yeye hakuwahi hata kuifungua atlasi. Nilimpa ile karatasi ili asisahau nani aliijua njia.

Shangazi alikuwa ametuma neno: siku ya safari, saa kumi, watatuita kwa foni, ile redio ya parokia ambayo chumba kizima husikia maneno yako, na lazima umalize kwa "à vous" ndipo mwingine ajibu. Saa kumi kamili mama na mimi tulikuwa kwenye benchi. Redio ilikoroma tu. Mama akaniuliza kama watu wa chini wanaweza kuipiga ndege risasi.

Hapo nikakumbuka. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Imeandikwa pembeni ya ramani, nami nilishaisoma. Kwao ilikuwa bado saa tisa. Ilitosha nifungue kinywa. Lakini ningeonekana nimekosea, mimi wa karatasi safi. Tena mama alikuwa ameushika mkono wangu, mara ya kwanza tangu habari ya safari ianze. Nilitaka saa ile iwe yangu. Nikanyamaza, nikamwacha aogope.

Saa kumi na moja sauti ya mdogo wangu ikatoka katikati ya mikwaruzo.

"Mama, nilishafika. Nililala njia yote. À vous."

Alilala. Msitu wote ule, mto wote ule chini yake, naye alilala.

Mama alilia, akasahau kusema "à vous". Mwenye foni akamsemea, watu wakacheka. Ni yeye pia aliyemweleza mama kwamba kule ndiyo kwanza saa kumi.

Tulitoka haraka, giza lisitukute njiani.

"Weye njo ulipima njia," mama alisema. "Ile saa moja haukuiona?"

Nikajibu kwamba nilisahau. Akaniambia nisijisumbue, hata wenye kusoma sana wanasahau. Hadi nyumbani alinifariji, nami nilikubali kufarijiwa.