Geti la Clem Haddow

Hapa Mirrigal, kijiji cha wafugaji, geti la malisho huachwa kama ulivyolikuta. Lililo wazi libaki wazi, lililofungwa lifungwe tena. Watoto wetu walilijua hilo kabla ya kujua kufunga viatu. Siku hizi viti vya baa ni vingi kuliko watu, na wanaopita ni wageni wenye magari yenye vitanda ndani, wanaopiga picha kutu zetu.

Clem Haddow aliswaga ng'ombe wa matajiri kwa farasi tangu ujana wake, mpaka helikopta zikaja kuimaliza kazi ya mwezi kwa asubuhi moja. Akabaki na kundi lake dogo, ng'ombe wekundu, wakaidi kama yeye. Bintiye Coral, anayeishi pwani, alimwambia wazi: "Baba, hao ng'ombe wakiisha unakuja kukaa kwangu. Sitaki kusikia umekufa na aliyekuona ni mbwa."

Kiangazi hiki goti lilimlaza hospitali ya mbali. Zamani ukiugua, jirani alipanda farasi kwenda kutazama maji ya mifugo yako bila kuombwa. Clem ilibidi aombe. Alimpigia simu Brodie, msimamizi kijana wa shamba la jirani. Mimi, rafiki yake, nilikuwa kando ya kitanda.

"Usijali, mzee. Nimefunga kamera kwenye birika lako la kunyweshea ng'ombe. Naliona hapa hapa kwenye simu."

"Maji yapo?"

"Yamejaa pomoni. Lala, acha kusumbua manesi."

Kila jioni, jibu lilelile: yamejaa. Mwishowe Clem akaketi kitandani.

"Na nyayo je?"

"Nyayo gani?"

"Za ng'ombe, we punguani! Kwenye tope la birika!"

"Hakuna tope, mzee. Pakavu, pasafi kabisa."

Tuliondoka bila kumuaga daktari.

Geti la kwenda kwenye maji, ambalo Clem aliliacha wazi, lilikuwa limefungwa, mnyororo umezungushwa vizuri. Wageni walilala karibu, wakadhani mwenyewe kasahau, wakamfanyia wema. Ng'ombe walilala kando ya seng'enge, vichwa vimeelekea maji waliyokuwa wakiyanusa. Wawili walikuwa bado wanapumua. Clem aliniomba bunduki.

Brodie alikuja, kofia mkononi. "Naapa, mzee, maji yalikuwa yamejaa."

"Yalijaa kwa sababu hakuna aliyekunywa, kijana."

Alisema polepole. Ningefurahi kama angemzaba kofi.

Coral alifika Jumamosi. "Pole, baba. Lakini si tulikubaliana?"

Clem hakubisha. Alipanda gari la bintiye kama mtu anayepelekwa kuzikwa, nasi wachache tuliobaki tukasimama mlangoni mwa baa.

Sasa anaishi ghorofani, bahari mbele yake. Hunipigia simu Jumapili. Juzi nilimwambia mvua imenyesha, majani yameota mpaka magotini. Akaniuliza kama lile geti la maji liko wazi.