Kitovu Kilichocheleweshwa

Jirani yangu Sharifa, wa hapa Mikelenge mjini Kindu, ana mdomo. Anagombana na muuza makaa, anagombana hata na mvua. Ni mtu mmoja tu ambaye Sharifa alimnyima hata ugomvi: mama mkwe wake, Mama Soudi. Nyumba zao zinatazamana, lakini kwa miaka zaidi ya ishirini hakumpa salamu. Nilimwambia kwamba hiyo ni roho mbaya, akanifukuza kwake.

Fundo hilo aliliweka moyoni wakati wa vita. Watu walikuwa wanaukimbia mji kuelekea upande wa Pangi. Sharifa, mwenye mimba ya miezi saba, akashikwa na uchungu njiani, wakaingia kwenye kibanda cha shamba. Mumewe Soudi alikuwa ametangulia na mizigo, kwa hiyo aliyemzalisha ni mama mkwe. Akatoka mtoto wa kike, mdogo kama kuku aliyenyonyolewa. Risasi zilikuwa zinasikika karibu. Wembe mpya ulikuwepo, ndani ya karatasi yake, na Sharifa aliuona.

"Kata kitovu, mama, tukimbie!"

"Sikate," Mama Soudi akajibu. "Kondo ya nyuma haijatoka."

Akamfunika mtoto kwa kitenge juu ya tumbo la mama yake, akakaa chini. Kondo ilipotoka ndipo akakata. Sharifa aliamini jambo moja: huyu mama, ambaye hakumtaka tangu siku ya posa, alitaka mtoto afie pale. Mtoto akapona, wakamwita Salama. Mungu si Athumani, alisema Sharifa, na hakumshukuru mtu mwingine.

Mwaka huu Salama naye akashikwa na uchungu kabla ya miezi kutimia. Sharifa alisimama kando ya kitanda cha hospitali, roho mkononi. Mjukuu akatoka, mdogo mno, akalia kwa sauti nyembamba. Mkunga, jina lake Nicole, akamfuta, akamlaza juu ya mama yake, akamfunika. Kisha akasimama tu, mkasi uko mezani.

"Kata! Juu ya nini haukate? Mutoto anakufa!" Sharifa akafoka.

"Tulia, mama. Anapumua. Damu yake ingine iko bado kwenye kondo, iko inaenda kwake. Mutoto mwenye kuzaliwa mbele ya wakati, tukikata haraka tunamuibia. Tungoje kidogo tu."

Sharifa akapigwa na butwaa. Kitovu kilipokatwa, mtoto alikuwa anahema vizuri. Sharifa akatoka hospitalini bila kuaga, akaja moja kwa moja mpaka uani kwa Mama Soudi. Mimi nilipomwona anapita, nikamfuata mbio nikidhani anakwenda kupigana.

Bikizee alikuwa anamenya mihogo.

"Ile siku ya vita," Sharifa akamwambia, "ulijua kama damu iko inaenda kwa mutoto?"

"Damu gani? Miye sikujua mambo ya damu. Wazee walituambia, ukikata mbele kondo haijatoka, inapanda juu mpaka kwenye moyo, mama anakufa. Mutoto nilishamuachia Mungu. Nilikuwa nakuogopea wewe."

"Miye?" Sharifa akashika kichwa. "Ulikaa chini ya masasi ya vita juu yangu miye?"

"Sasa juu ya nani?" akajibu Mama Soudi, na akachukua muhogo mwingine.